Mahindi Tele, Vitamini Haba: Wazee wa Songwe na Sera ya Kuongeza Virutubishi Katika Unga

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, nao ni miongoni mwa mikoa ambayo taifa huitegemea kwa chakula. Mbozi huvuna mahindi, maharage na kahawa. Momba hutoa mpunga na ufuta. Ileje ina vilima vyenye rutuba vinavyopakana na Malawi. Katika mji wa Tunduma, malori hupanga foleni kuelekea Nakonde, upande wa pili wa mpaka, ndani ya Zambia. Anayeyatazama magunia ya nafaka yakipita hapo hadhani kwa urahisi kwamba katika nyumba zilizo kando ya barabara hiyohiyo wamo watu wanaoshiba kila siku, ilhali miili yao inakosa lishe.

Hali hiyo huitwa njaa iliyojificha. Mtu hula ugali akashiba, lakini damu, neva na ubongo wake hukosa vitamini na madini ambayo huhitajika kwa kiasi kidogo mno, ila kwa kila siku ya uhai. Inapotajwa, wengi humfikiria mtoto mchanga na mama mjamzito, na ni haki kuwafikiria. Wazee hutajwa kwa nadra. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.3 katika Mkoa wa Songwe. Katika nchi nzima, waliotimiza miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mtu kuwa mzee, walizidi milioni 3. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa demografia na afya, ambao ni chanzo kikubwa cha takwimu za lishe nchini, hupima wekundu wa damu kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 na kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49. Bibi wa miaka 70 anayeishi katika kaya hiyohiyo hapimwi. Na jambo lisilopimwa huwa gumu kuingia katika bajeti.

Makala haya yanaeleza kwa nini mzee ana hitaji la pekee la vitamini, hasa vitamini B12, kwa nini unga ulioongezwa virutubishi unaweza kumfaa kuliko hata kipande cha nyama, na kwa nini unga huo bado haufiki mezani kwake.

Tumbo linapozeeka

Vitamini B12 hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama: nyama, maini, samaki, dagaa, maziwa na mayai. Mahindi, maharage, matunda na mboga za majani havina vitamini hiyo. Kwa hiyo kaya inayokula ugali na maharage siku sita za juma, na nyama siku ya saba au siku ya sherehe tu, huishi karibu na ukingo wa upungufu.

Kwa mzee, tatizo ni zaidi ya uhaba wa nyama. B12 iliyomo katika chakula imeshikamana na protini. Ili itoke humo, tumbo linahitaji asidi ya kutosha. Ikishatoka, hupokelewa na protini maalumu inayotengenezwa na ukuta wa tumbo, kisha husindikizwa hadi mwisho wa utumbo mwembamba ambako hunyonywa na kuingia katika damu. Kadiri umri unavyosogea, ukuta wa tumbo wa watu wengi husinyaa na asidi hupungua. Maambukizi ya muda mrefu ya bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambayo ni ya kawaida katika Afrika, huongeza hali hiyo. Matokeo yake ni kwamba mzee aweza kula nyama, na B12 ikapita bila kunyonywa.

Mwaka 1998 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria kwamba asilimia 10 hadi 30 ya watu wenye umri mkubwa hawawezi kunyonya vizuri B12 ya chakula cha kawaida. Taasisi hiyo ilishauri kwamba kila aliyevuka miaka 50 apate sehemu kubwa ya B12 kutokana na vyakula vilivyoongezwa virutubishi au vidonge. Sababu yake ni rahisi. B12 inayochanganywa katika unga haijashikamana na protini. Haihitaji asidi nyingi ili iachiliwe, kwa kuwa iko huru tangu mwanzo. Kwa tumbo la kijana, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa tumbo la mzee, ndiyo inayoamua kama atanufaika au la.

Dalili zinazoitwa uzee

Ini la mtu mzima aliyekula vizuri huhifadhi B12 ya kutosha miaka kadhaa. Ndiyo maana upungufu huja polepole, na kila dalili hupewa jina jingine. Mzee akichoka haraka na kuhema anapopanda mlima, husemwa ni umri. Miguu ikifa ganzi au kuwaka moto, husemwa ni baridi ya Mbozi. Akiyumba gizani, huambiwa apunguze kutembea usiku. Ulimi ukiwa mwekundu, laini na wenye kuuma, hutafutiwa dawa ya kusukutua. Akianza kusahau, kununa au kusema maneno yasiyoeleweka, wapo watakaosema amechanganyikiwa kwa uzee, na wapo watakaomzushia uchawi.

Si kila ganzi wala kila usahaulifu hutokana na vitamini. Kisukari, kiharusi, virusi vya UKIMWI, pombe na maradhi ya ubongo vyote huweza kuleta dalili hizo. Lakini upungufu wa B12 una sifa moja inayoutofautisha na maradhi mengi ya uzeeni: unatibika. Chembe za damu hurejea katika hali njema ndani ya majuma machache ya matibabu. Neva na uti wa mgongo havisubiri hivyo. Vikikaa muda mrefu bila B12, sehemu ya uharibifu hubaki hata baada ya sindano. Mzee aliyetibiwa mapema aweza kurudi shambani kwake. Aliyecheleweshwa aweza kubaki na fimbo, au kitandani.

Upo pia mtego wa kitabibu. Upungufu wa B12 hukuza chembe nyekundu za damu kupita kiasi, ilhali upungufu wa madini ya chuma huzidunisha. Mzee mwenye upungufu wa vyote viwili aweza kuonyesha chembe za ukubwa wa kawaida, na mpimaji akaridhika. Vilevile neva zinaweza kudhurika kabla damu haijaonyesha lolote. Kwa hiyo kipimo cha damu pekee hakitoshi kumwondolea mzee shaka. Miguu yake nayo haina budi kuchunguzwa.

Dawa zenye deni la vitamini

Songwe ni mkoa wa mpakani. Kliniki zake huhudumia wakulima, wafanyabiashara, madereva wa masafa marefu na familia zao. Wengi waliokuwa vijana wakati dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bila malipo sasa wanauingia uzee wakiwa hai, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu na sayansi. Lakini mzee wa leo humeza dawa nyingi kuliko mzee wa zamani, na baadhi ya dawa hizo hudai vitamini.

Metformini, dawa kuu ya kisukari, hupunguza unyonywaji wa B12 inapotumiwa kwa miaka. Omeprazoli, ambayo wengi huinunua madukani kwa ajili ya vidonda vya tumbo na kuendelea nayo bila kikomo, huzima asidi ile ile inayohitajika kuiachilia B12. Isoniazidi, inayotumiwa kutibu kifua kikuu na kukikinga kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, huvuruga vitamini B6. Ndiyo sababu hutolewa pamoja na vidonge vya B6, na mgonjwa hapaswi kuviacha kwa kudhani kuwa ni nyongeza tu.

Isoniazidi huweza pia kuvuruga utengenezaji wa niasini mwilini, yaani vitamini B3. Upungufu wa niasini huitwa pelagra. Ngozi iliyopigwa na jua hukauka na kubadilika rangi shingoni, mikononi na miguuni, tumbo huharisha, na akili huvurugika. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo kutoka Malawi, nchi inayopakana na Ileje, yaliyoonyesha uhusiano wa wazi kati ya matumizi ya isoniazidi ya kinga na pelagra katika jamii inayoishi kwa mahindi. Songwe nayo huishi kwa mahindi.

Kinachobaki katika pumba

Mahindi yana niasini, lakini sehemu kubwa imefungwa kwa namna ambayo mwili hauwezi kuitumia. Wenyeji wa kale wa Mexico walilitatua jambo hilo kwa kuyachemsha mahindi na chokaa kabla ya kuyasaga. Zao hilo liliposafiri kwenda Ulaya, Marekani ya Kaskazini na Afrika, mbinu hiyo haikusafiri nalo. Pelagra ikafuata. Huko Marekani, daktari Joseph Goldberger alionyesha kuanzia mwaka 1914 kwamba ugonjwa huo hautokani na maambukizi bali na lishe duni. Niasini ikatambuliwa kuwa tiba mwaka 1937, na kuongezwa kwake katika unga na mkate miaka ya 1940 kulisaidia kuufuta ugonjwa huo katika majimbo ya kusini.

Karibu zaidi na Songwe, mwaka 1990 zaidi ya wakimbizi 17,000 wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliripotiwa kuugua pelagra. Mgao wao ulikuwa wa mahindi kwa sehemu kubwa, na karanga, zilizokuwa chanzo chao cha niasini, zilikuwa zimekosekana. Kukosekana kwa chakula kimoja kidogo katika mgao kulitosha kuwaangusha maelfu.

Mashineni, kupungua kwa vitamini huanzia katika kukoboa. Ganda na kiini cha punje ndivyo vyenye sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, mafuta na madini. Mahindi yanapokobolewa ili kupata sembe nyeupe, sehemu hizo huwa pumba, na pumba huenda kwa kuku na nguruwe. Unga wa dona hubakisha zaidi. Hata hivyo, dona haiwezi kuleta kisichokuwamo: mahindi hayana B12, yawe yamekobolewa au hayakukobolewa.

Sera na mahali inapokomea

Tanzania haikukaa kimya. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa mwaka 1973. Katika miaka ya 1990 kuongeza madini joto katika chumvi kulifanywa takwa la kisheria, na tezi la shingo lililokuwa likionekana sana katika nyanda za juu likapungua. Mwaka 2011 zilitungwa kanuni za kuongeza virutubishi katika vyakula, na mwaka 2013 mpango wa kitaifa ukazinduliwa. Unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani ulitakiwa kuwa na virutubishi, miongoni mwake madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Mafuta ya kula yalitakiwa kuwa na vitamini A. Tangu mwaka 2019, usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania.

Virutubishi hivyo vyaweza kumsaidia mzee kwa kiasi gani? Mapendekezo ya mwaka 2009 ya Shirika la Afya Duniani na washirika wake yalitaka mikrogramu 10 za B12 katika kila kilo ya unga, mahali ambapo mtu hula gramu 150 hadi 300 za unga kwa siku. Mzee anayekula gramu 250 za unga wa namna hiyo, katika uji wa asubuhi na ugali wa jioni, hupata mikrogramu 2.5. Mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 2.4 kwa siku. Unga peke yake ungeweza kutimiza hitaji lake bila kidonge, bila foleni na bila nauli.

Sera ilifanikiwa katika chumvi kwa sababu kila kaya hununua chumvi. Hata bibi anayelima kila kitu huituma pesa dukani kwa ajili ya chumvi. Mahindi ni kinyume chake. Katika vijiji vya Mbozi na Ileje, na hata katika mitaa mingi ya Tunduma, kaya hula mahindi ya shamba lake au ya ndugu. Hupelekwa mashineni kwa debe au ndoo, husagwa kwa malipo, na unga hurudi nyumbani katika mfuko uleule. Hakuna kiwanda, hakuna kifungashio, hakuna lebo. Kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya unga wa kununuliwa hupita mbali na unga huu. Na mzee, ambaye hununua kidogo kuliko wote, ndiye anayepitwa zaidi.

Hofu ya asidi ya foliki

Wapo wataalamu wanaouliza kama unga uliorutubishwa waweza kumdhuru mzee. Swali hilo lina msingi. Asidi ya foliki, inayoongezwa ili kuwakinga watoto wasizaliwe na mgongo wazi, huweza kurekebisha damu ya mtu mwenye upungufu wa B12 huku neva zake zikiendelea kuharibika. Uingereza ilichukua miaka mingi kabla ya kutangaza, mwaka 2021, kwamba itaiongeza katika unga wa ngano, na afya ya wazee ilikuwa mojawapo ya hoja zilizojadiliwa. Kanuni za Tanzania zina busara katika jambo hili, maana ziliziweka asidi ya foliki na B12 pamoja. Hilo ni jambo la kulindwa: msagaji au msambazaji atakayepunguza B12 ili kuokoa gharama atakuwa ameondoa kinga ya mzee na kuacha hatari.

Nchi ya Chile ilikwenda hatua mbele. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wizara yake ya afya imekuwa ikigawa katika vituo vya afya chakula cha unga kilichoongezwa vitamini na madini, kwa ajili ya wazee hasa waliotimiza miaka 70. Anayekwenda kukichukua huonwa pia na mhudumu wa afya. Chakula kimekuwa njia ya kumleta mzee kliniki.

Mashine ya mtaani iwe kituo cha afya

Katika Songwe, suluhisho halitapatikana bila mashine ya mtaani. Vifaa vidogo vinavyopima na kumimina virutubishi wakati wa kusaga vipo, na shirika la Sanku limevifunga katika viwanda vidogo vya unga nchini. Katika mpango wake, msagaji hununua mifuko ya kufungia unga, na bei ya mifuko hiyo hulipia virutubishi. Njia hiyo hufaa kwa anayesaga unga wa kuuza. Kwa anayesaga debe la mteja kwa malipo, ugumu ni mkubwa zaidi: kiasi hubadilika kila dakika, na mteja hataki kulipa zaidi kwa kitu asichokiona.

Njia mojawapo ni kubadilishana: mteja alete mahindi, apewe palepale unga uliokwisha kurutubishwa wa uzito unaolingana, baada ya kutoa ujira wa kusaga. Hapa kikwazo ni imani. Mkulima anajua mahindi yake yalivyokaushwa, hataki unga wa mahindi ya mtu mwingine yaliyoota kuvu. Kwa hiyo mashine itakayofanya hivyo haina budi kukagua unyevu na ubora wa mahindi inayoyapokea, jambo ambalo pia lingewakinga walaji dhidi ya sumukuvu. Njia nyingine ni halmashauri kuanza na unga unaonunuliwa kwa fedha za umma au za vikundi, kama ule wa shule na hospitali, ili msagaji apate soko la uhakika kabla ya kuombwa kuwahudumia wa rejareja. Kaya zenye wazee zilizo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini zaweza kuwa za kwanza kufikiriwa.

Kliniki nazo zina la kufanya bila kusubiri kanuni mpya. Katika dirisha la wazee, maswali matatu huchukua dakika mbili: Miguu ina ganzi? Umeanguka mwaka huu? Unatumia dawa gani, na tangu lini? Mzee anayetumia metformini kwa miaka, anayekaa na omeprazoli bila kuandikiwa, au mwenye upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya chuma, afikiriwe kuwa na upungufu wa B12. Pale ambapo kipimo cha B12 hakipo, matibabu ya majaribio kwa sindano, chini ya uangalizi wa daktari, ni salama kuliko kusubiri. Mwenye maradhi yanayoiondoa kabisa ile protini ya tumbo hatatoshelezwa na unga. Huyo huhitaji sindano au vidonge vya kiwango kikubwa maisha yake yote.

Nyumbani, familia yaweza kuanza leo. Dagaa waliosagwa na kutiwa katika mboga hufaa kwa mzee asiye na meno. Yai moja, kikombe cha maziwa au mtindi, na karanga zilizopondwa katika uji huongeza B12 na niasini kwa gharama ndogo. Dona iliyosagwa kwa mahindi makavu na safi ni bora kuliko sembe. Anayenunua unga, asome kifungashio kama umeongezwa virutubishi, auhifadhi pakavu mbali na jua, na amwambie mwenye duka kwamba ndio anaoutaka. Mzee hula kidogo. Kwa sababu hiyo kila kijiko chake kinapaswa kubeba zaidi, wala haifai apewe makombo baada ya vijana kumaliza mboga.

Na Wizara ya Afya, pamoja na wanaopanga tafiti za taifa, wana jambo moja la kutenda ambalo halihitaji mashine wala soko: kuwapima wazee. Matone machache ya damu ya watu waliovuka miaka 60, katika kaya zilezile zinazotembelewa, yangeonyesha ukubwa wa tatizo Mbozi, Momba, Ileje, Tunduma na kwingineko. Kizazi kilichozilima nyanda hizi na kuwalisha wengine kina haki ya kuhesabiwa katika lishe ya taifa.